Hong Kong: akiba ya serikali imepungua karibu nusu, mbona dola yao bado iko 7.8?

Mchuuzi_Aggrey

Wakuu, heshima kwenu.

Nauza vipuri vya simu Kariakoo, mtaa wa Aggrey: vioo, betri, chaji, kava. Mzigo wangu unatoka Shenzhen, ila malipo yanapita Hong Kong, kwa kuwa msambazaji wangu ana akaunti huko na mimi na shemeji yangu tuna kampuni ndogo yenye akaunti hukohuko. Karibu kila mwezi kuna dola za Hong Kong zimelala zinasubiri mzigo.

Kinachonishangaza ni hiki. Shilingi yetu ilikuwa kama 2,300 kwa dola ya Marekani mwanzoni mwa 2023, ikafika 2,700 mwaka 2024, kisha ikajivuta tena. Mwaka 2023 dola zilipoadimika niligonga mlango wa benki baada ya benki naambiwa nisubiri. Dola ya Hong Kong haitoki kati ya 7.75 na 7.85 kwa dola moja ya Marekani. Maandamano ya 2019, korona, vita vya ushuru, yote yamepita na bei iko palepale.

Sasa nimesoma kwamba Machi 2019 serikali yao ilikuwa na akiba ya dola za Hong Kong trilioni 1.17, na kufikia Machi 2025 imebaki kama bilioni 650. Hiyo akiba si ndiyo inayoshikilia 7.8? Ikiisha, nami nina hela kule, si nitaamka siku moja nikute imekuwa 9 au 10?

La pili: kila nikiwa Shenzhen mwisho wa wiki nakutana na watu wa Hong Kong wamejaa madukani wakikokota masanduku ya magurudumu. Kama kwao kuna utajiri na sarafu ni imara, kwa nini wananunulia kwa jirani?

La tatu: kama njia hii inafanya kazi, kwa nini sisi Afrika Mashariki tusiifuate?

Hesabu_Dodoma

Mkuu, hapo umechanganya mifuko miwili. Zile bilioni 650 ni akiba ya bajeti, yaani ziada ya kodi na mapato ya ardhi ambayo serikali haikuitumia miaka ya nyuma. Kinacholinda 7.8 ni akiba ya fedha za kigeni, na hiyo ni zaidi ya dola za Marekani bilioni 400. Noti zote zilizo mtaani, pamoja na fedha ambazo benki zimeweka kwa Mamlaka ya Fedha inayosimamia sarafu ya Hong Kong, zina dola za Marekani nyuma yake kwa asilimia mia na ushee. Hizo dola za ulinzi zimetengwa kwenye fungu lao tangu 1998, kwa hiyo serikali ikitumia akiba yake ya bajeti haizigusi.

Kanuni ni kwamba nchi haiwezi kupata mambo matatu kwa mpigo: kiwango cha fedha kisichoyumba, mitaji inayoingia na kutoka bila kizuizi, na riba inayojipangia yenyewe. Hong Kong wamechukua mawili ya mwanzo. Riba yao inaamuliwa Washington, kwenye benki kuu ya Marekani. Kwa upande wa sarafu, lala usingizi.

Bi_KwaiChung

Mdogo wangu Mchuuzi, mimi ni mzaliwa wa Mombasa, Kibokoni. Niko Hong Kong tangu 1996, mhasibu kwenye ofisi ya uwakala wa mizigo huku Kwai Chung, bandarini. Huenda hata kontena lako limewahi kupita kwenye makaratasi yetu.

Aliyoyasema Hesabu ni sahihi. Lakini hilo la kulala usingizi silipitishi hivihivi, kwa sababu linamwacha nje mtu anayelipa gharama. Bei ya 7.8 haishikiliwi na dola zilizoko ghalani peke yake. Inashikiliwa na mji mzima kukubali kwamba mambo yakiharibika, kitakachoshuka si sarafu bali mishahara, nyumba na bei za vitu. Akiba ya bajeti ndiyo inayofanya mateso hayo yavumilike. Ndiyo maana inanitia wasiwasi ikipungua, ijapokuwa najua 7.8 itakuwepo.

Nianze na 1983. Uingereza na China walikuwa wanavutana juu ya hatima ya 1997, mwaka ambao Hong Kong ilikuja kurudishwa China, watu wakaingiwa na hofu, na Jumamosi ya tarehe 24 Septemba dola ya Hong Kong ikafika karibu 9.6. Majirani zangu watu wazima bado wanaisimulia: mchele uliisha madukani, bei zilibandikwa upya mchana wa siku ileile. Tarehe 17 Oktoba serikali ikatangaza 7.80, na tangu siku hiyo benki zinazotoa noti, yaani HSBC, Standard Chartered na, kuanzia 1994, Bank of China, haziwezi kutoa noti mpya bila kukabidhi kwanza dola za Marekani kwa kiwango hicho. Ile nafasi ya 7.75 hadi 7.85 iliwekwa Mei 2005.

Utaratibu wenyewe hausubiri kikao cha mtu yeyote. Watu wakiikimbia dola ya Hong Kong, ikifika 7.85 Mamlaka ya Fedha inazinunua na kutoa dola za Marekani. Fedha zinapungua kwenye benki, riba ya kukopeshana usiku mmoja inapanda, mpaka ifike mahali mtu aone kushika dola ya Hong Kong kunalipa. Ikigusa 7.75 wanafanya kinyume. Mwaka 2025 tuliona kuta zote mbili zikiguswa kwa kufuatana. Mei fedha ziliingia kwa wingi, Mamlaka ikatoa karibu dola za Hong Kong bilioni 130, riba ya usiku mmoja ikakaribia sifuri. Kabla Juni haijaisha tukawa tumeshafika 7.85.

Hiyo ni hali ya kawaida. Oktoba 1997 haikuwa kawaida. Tarehe 23 riba ya usiku mmoja ilifika asilimia 280. Mwaka uliofuata walanguzi wakubwa wakagundua kwamba utaratibu huohuo unaweza kugeuzwa silaha: uza dola za Hong Kong kwa fujo, riba ipande, riba ikipanda hisa zitaporomoka, na wewe ulishaweka dau kwamba hisa zitaporomoka. Unakula pande mbili. Tarehe 13 Agosti 1998 kipimo cha bei za hisa cha Hang Seng kilikuwa 6,660. Kesho yake serikali, Donald Tsang akiwa Katibu wa Fedha na Joseph Yam akiongoza Mamlaka ya Fedha, ikaingia sokoni yenyewe kununua hisa, na hadi tarehe 28 ilikuwa imetumia dola za Hong Kong bilioni 118. Ofisini kwetu redio haikuzimwa wiki mbili zile. Wasomi wengi wa nje waliwalaani kwa kuvunja imani ya soko huria. Walanguzi walikimbia, na hisa zile zikaanza kuuzwa kwa wananchi mwaka 1999 kupitia mfuko maalumu, kwa faida.

Watu wengi husimulia mpaka hapo na kupiga makofi. Mimi naomba tuendelee, kwa sababu kilichofuata ndicho nilichokiishi. Thailand, Korea na Indonesia sarafu zao zilishuka, bidhaa zao zikawa rahisi. Sisi tulibaki 7.8. Mji ukawa ghali kuliko majirani wote, na njia pekee ya kurudi kwenye ushindani ilikuwa kila kitu kishuke bei kwa ndani. Kuanzia mwisho wa 1998 hadi katikati ya 2004 bei za madukani zilikuwa zinashuka tu. Nyumba zilipoteza zaidi ya asilimia 60 ya thamani kati ya 1997 na 2003. Mwaka 2002 mwajiri wangu wa wakati huo alitukata mshahara wote asilimia kumi, na tulishukuru kwamba hakufunga. Mwaka 2003 ikaja SARS, homa kali ya mapafu, na ukosefu wa ajira ukapita asilimia 8. Katikati ya mwaka ule zaidi ya familia 100,000 zilikuwa zinadaiwa na benki kuliko thamani ya nyumba wanazolala. Mama mmoja wa ghorofa yetu alikuwa anafanya usafi usiku hotelini baada ya kazi ya mchana, analipia fleti ambayo hata angeiuza deni lisingeisha.

Sasa tazama akiba ilifanya nini. Ukiacha mwaka mmoja tu, serikali ilikuwa na nakisi kila mwaka kuanzia mwaka wa fedha 1998/99 hadi 2003/04, na haikwenda kumpigia mtu magoti. Hospitali ziliendelea. Walimu walilipwa. Wagonjwa wa SARS hawakuulizwa kama wana fedha. Sheria ya Msingi ya Hong Kong, ibara ya 107, inaitaka serikali itumie kulingana na mapato na ijitahidi kuepuka nakisi. Wengi huisoma kama ubahili, lakini kwa mji ambao haushushi sarafu na hauna benki kuu ya kuchapisha fedha, pale penye shida hakuna kitu kingine cha kushika.

Fedha za sasa zimekwenda wapi? Sehemu kubwa kwenye korona, na mimi sina ugomvi nayo. Mwaka 2020 kila mkazi wa kudumu mtu mzima alipewa dola 10,000, waajiri wakasaidiwa mishahara ili wasifukuze watu, na nakisi ya mwaka wa fedha 2020/21 ilipita bilioni 230. Ndiyo kazi ya akiba hiyo. Kinachotisha ni kwamba korona ilipita na nakisi ikabaki. Ile ya 2024/25 ilikuwa zaidi ya bilioni 80, na hapo wameshahesabu fedha walizopata kwa kuuza hatifungani, yaani kwa kukopa. Akiba iliyokuwa inatosha matumizi ya zaidi ya miaka miwili, kufikia Machi 2025 ilitosha kama miezi 10.

Sababu kubwa ni ardhi. Hong Kong karibu ardhi yote ni ya serikali. Kiwanja pekee chenye umiliki wa moja kwa moja kinachotajwa ni cha Kanisa Kuu la St John's. Serikali inauza haki ya kutumia ardhi kwa miaka, na kwa miongo mingi hilo ndilo lililobeba bajeti huku kodi zikiwa ndogo: faida ya kampuni asilimia 16.5, mshahara mwisho wake asilimia 15 au 16, hakuna kodi ya ongezeko la thamani, na forodha inatoza vitu vichache tu kama pombe kali, tumbaku na mafuta. Mwaka wa fedha 2017/18 ardhi iliingiza karibu bilioni 165. Mwaka 2023/24 ikaingiza kama bilioni 19. Riba ilipopanda na wajenzi wakaacha kununua viwanja, bomba lilikauka.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, nami nimelifikiria kwa miaka nikiwa na vitabu vya hesabu mbele yangu. Kilichojaza akiba ndicho kilichoumaliza ushindani. Ardhi ghali ilileta ziada, na ziada ikatufanya tuonekane mahodari wa bajeti. Lakini ardhi hiyohiyo ghali ndiyo iliyovihamisha viwanda vya plastiki, nguo na vinyago kwenda Shenzhen na Dongguan baada ya China kufungua milango. Mwaka 1980 viwanda vilikuwa karibu robo ya uchumi wa Hong Kong. Leo ni kama asilimia 1. Bandari yangu hii ilihudumia makasha zaidi ya milioni 24 mwaka 2011, na mwaka 2024 hayakufika milioni 14, kwa kuwa bandari za Yantian na Nansha, upande wa China bara, ziko karibu na viwanda na zinatoza nafuu. Wewe mwenyewe ni shahidi. Zamani Waafrika walikuwa wanajaza simu kwenye mabegi pale kwenye jengo la Chungking Mansions, Nathan Road. Siku hizi unavuka kwenda Huaqiangbei, soko la simu la Shenzhen, kwa aliyezikusanya, Hong Kong unabakiza akaunti tu.

Na hao wa masanduku ya magurudumu uliokutana nao, nawajua, mimi ni mmoja wao. Treni kutoka West Kowloon hadi Futian ni kama dakika 15. Dola yetu imefungwa kwa dola ya Marekani. Ya Marekani ikipata nguvu, yetu inapanda nayo hata kama biashara yetu imelala. Yuan, sarafu ya China, ilishuka kuanzia 2022, kodi za maduka ya Shenzhen ni ndogo, basi daktari wa meno, chakula cha jioni, hata karatasi za chooni tunanunua kule, na maduka ya Hong Kong yanafunga. Vijana hawajui kwamba mkondo huu uliwahi kwenda upande wa pili. Januari 2007 yuan iliipita dola ya Hong Kong kwa thamani, na miaka iliyofuata akina mama wa China bara walikuwa wanakuja huku kumaliza maziwa ya watoto, mpaka Machi 2013 ikawekwa sheria kwamba mtu asitoke na makopo zaidi ya mawili. Mpaka ni uleule, Shenzhen ni ileile.

Kuhusu hela yako iliyolala: sioni ikiwa 9 wala 10. Na benki yenyewe ikianguka, mfumo wa kulinda amana unakurudishia hadi dola za Hong Kong 800,000 kwa kila benki. Kiwango kilipandishwa Oktoba 2024.

MtuWaNairobi

Asante sana mama kwa somo. Lakini kuna kitu kinaniuma na lazima nikiseme. Wakati hiyo trilioni 1.17 iko pale, zaidi ya watu 200,000 Hong Kong walikuwa wanaishi kwenye fleti zilizogawanywa vipande, choo kando ya jiko, wengine kwenye vitanda vyenye wavu. Foleni ya nyumba za serikali zaidi ya miaka mitano. Sasa akiba ni ya nani? Sisi Kenya shida yetu ni kinyume, kila mwaka ushuru mkubwa unaenda kulipa riba ya madeni, na Juni 2024 vijana waliingia barabarani mpaka Mswada wa Fedha ukaondolewa. Kwa hivyo sisemi kuweka akiba ni vibaya. Nasema serikali inayojivunia akiba huku wazee wanasukuma mikokoteni ya maboksi si serikali ya kuigwa.

Bi_KwaiChung

Kijana wangu, hapo hatugombani. Nakaa Sham Shui Po, hao wakongwe wa maboksi nawapita kila asubuhi, na wapo wanaonizidi umri kwa miaka ishirini. Katika miaka ile ya neema fedha zingetosha kabisa kujenga, na kujenga ndiko kungeshusha gharama za mji na kurudisha ushindani. Hawakujenga vya kutosha kwa sababu nyumba zikishuka bei, mapato ya ardhi nayo yanashuka, na wenye mikopo wanalia. Bajeti ilikuwa inaogopa kuwatibu wananchi wake.

Tazama Singapore. Nao ni kisiwa, bandari, uchumi ulio wazi, akiba kubwa. Lakini karibu asilimia 80 ya wakazi wao wako kwenye nyumba zilizojengwa na serikali, na Hong Kong ni chini ya nusu. Wao wana kodi ya bidhaa na huduma, imefika asilimia 9 tangu Januari 2024. Akiba yao ya zamani ina kufuli: tangu 1991 rais wa kuchaguliwa lazima akubali ndipo iguswe, ila serikali inaruhusiwa kutumia hadi nusu ya faida inayotarajiwa kutokana na uwekezaji wake. Na sarafu hawakuifunga kwa dola ya Marekani. Wanaiongoza taratibu dhidi ya kapu la sarafu za wanaofanya nao biashara, kwa hiyo mambo yakiwa mabaya wana nafasi ya kupumua kabla ya kukata mishahara.

Hong Kong mwaka 2006 serikali ilileta wazo la kodi ya mauzo. Watu walipiga kelele, Desemba wakaliondoa. Mimi nilikuwa miongoni mwa wachache waliotaka lipite, mradi maskini warudishiwe, na bado nataka. Mji wenye kiwango cha fedha kisichobadilika unahitaji mapato yasiyobadilika sana. Kuegemea viwanja ni kupata fedha nyingi wakati huna shida na kukosa kabisa wakati una shida. Sasa kwa kuwa hawana mlango mpana wa mapato wanabana vidogovidogo: bajeti ya Februari 2025 ilisimamisha nyongeza za mishahara ya watumishi wa umma, ikatangaza kupunguza nafasi 10,000 za kazi serikalini, na ushuru wa abiria anayeondoka kwa ndege ukapanda kutoka 120 hadi 200 kuanzia Oktoba 2025. Mchuuzi, huo unaulipa wewe ndani ya tiketi yako.

BabuMkunazini

Wanangu, salaam kutoka Unguja. Mchuuzi ameuliza kwa nini sisi tusifuate. Sisi tulifuata, ila hatukuulizwa.

Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa 1919, ofisi yake London. Zanzibar tuliingia 1936 tukaachana na rupia. Shilingi 20 kwa pauni moja, na nyuma ya noti zile kulikuwa na pauni zilizowekwa Uingereza. Marehemu baba yangu alikuwa karani kwenye ghala la karafuu Malindi, na alikuwa akisema msimu ukiwa mbaya si wakulima tu wanaokosa, fedha yenyewe inapungua mjini, hata kinyozi anakosa wateja. Utaratibu ni huohuo anaoueleza Bi Kwai Chung: zikitoka pauni, zinapungua shilingi. Tofauti ni kwamba hatukuwa na akiba ya bajeti yetu wenyewe, yetu ilikuwa inasaidia London kuliko Unguja, na kwa miaka mingi bodi haikuruhusiwa hata kuikopesha serikali ya hapa. Mwaka 1949 Waingereza wakashusha pauni, na shilingi ikashuka nayo siku hiyohiyo. Baada ya uhuru kila nchi ikafungua benki yake; ya Tanzania ilianza 14 Juni 1966.

Na sasa tunataka kurudi kwenye fedha moja. Itifaki ya umoja wa fedha ilitiwa saini Kampala tarehe 30 Novemba 2013, lengo lilikuwa 2024, limepita, linatajwa 2031. Masharti yapo: mfumuko usizidi asilimia 8, nakisi isizidi asilimia 3 ya pato la taifa, deni asilimia 50, akiba ya fedha za kigeni itoshe miezi minne na nusu ya kuagiza bidhaa. Mimi naunga mkono umoja wetu kwa moyo wote. Lakini katika masharti hayo sioni mfuko wa kumsaidia mwenzetu atakayepigwa na ukame siku atakapokuwa hana sarafu yake ya kushusha. Hong Kong mtu akikosa kazi Kwai Chung anakwenda Kowloon, sheria moja, lugha moja, hospitali moja. Mkulima wa kahawa wa Ngozi, Burundi, akikosa soko, nani kati yetu atafungua mkoba?

Bi_KwaiChung

Shikamoo Babu. Umelisema vizuri kuliko nilivyotaka kulisema mimi. Nakuongezea moja tu. Hong Kong nayo ina sura ya hilo. Tangu Novemba 2014 soko letu la hisa limeunganishwa na la Shanghai, Desemba 2016 likaunganishwa na Shenzhen, Julai 2017 zikafuata hatifungani. Zaidi ya asilimia 70 ya thamani ya kampuni zilizoko kwenye soko letu ni za bara. Kwa hiyo biashara inafuata Beijing na riba inafuata Washington. Mwaka 2023 riba ya msingi hapa ilifika asilimia 5.75 kwa kuwa Marekani walikuwa wanapigana na mfumuko wao, wakati China inashusha riba kwa kuwa uchumi wake umepoa. Sisi tulihitaji dawa ya China tukanyweshwa ya Marekani. Muungano wa masoko umeleta kazi nyingi kwenye benki na ofisi za mawakili, lakini haukumpunguzia riba mwenye mgahawa wa Mong Kok.

Mchuuzi_Aggrey

Shikamoo Babu. Dada Bi Kwai Chung, asante mno, nimemsomea shemeji yote. Swali moja tena. Kama biashara imeelekea bara kiasi hicho, kwa nini wasiifunge dola yao kwa yuan yakaisha? Nauliza kwa kuwa msambazaji wangu ameanza kuniambia nimlipe kwa yuan badala ya dola za Hong Kong. Nikubali?

Bi_KwaiChung

Hawaifungi kwa yuan kwa sababu yuan yenyewe haiko huru. Bara wana mipaka ya kutoa fedha nje, na benki yao kuu inatangaza bei ya kati kila asubuhi, soko haliruhusiwi kwenda mbali nayo zaidi ya asilimia 2. Sheria ya Msingi, ibara ya 112, inakataza Hong Kong kuweka vizuizi vya fedha za kigeni. Ukiwa na sarafu huru lazima uifunge kwenye kitu ambacho mtu yeyote anaweza kukidai saa yoyote na akakipata. Tena sehemu kubwa ya mikataba ya meli ninayoiingiza hapa, kuanzia nauli hadi bima, imeandikwa kwa dola ya Marekani.

Kuhusu msambazaji wako. Wewe unauza kwa shilingi na unanunua dola ya Marekani. Ukilipa kwa dola ya Hong Kong, unabeba hatari moja tu, ya shilingi dhidi ya dola. Hatari ya yuan anaibeba yeye, na uwe na hakika ameshaiweka ndani ya bei ya kioo na betri. Ukikubali yuan hatari hiyo inahamia kwako, kwa hiyo bei lazima ishuke. Mwambie akupe bei ya mzigo uleule kwa sarafu zote mbili, siku moja, kwa maandishi. Gawanya, kisha linganisha na kiwango cha yuan ambacho benki yako ya Hong Kong inakupa saa hiyo, si kile unachokiona kwenye mtandao, maana yuan inayouzwa nje ya bara ina bei yake. Ikitokea anakupunguzia asilimia moja au zaidi, na mzigo unatoka ndani ya wiki chache, lipa yuan na usiziweke: nunua siku ya kulipa. Kama bei ni ileile kwa sarafu zote mbili, baki na dola ya Hong Kong.